Chumvi Katika Lazanya ya Dirce

Dirce alivunjika kifundo cha mkono wa kulia akiwa amesimama juu ya kiti, anafuta dirisha la jikoni. Maumivu aliyavumilia. Kilichomkera ni daktari kumwambia kwamba kwa wiki sita asithubutu kusukuma unga.

Mumewe, Oreste, alikuwa fundi wa matrekta aliyestaafu, mtu wa kula na si wa kupika. Hata yai lilimshinda. Kwa hiyo Morena, mke wa mtoto wao, ndiye aliyewaokoa. Morena alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha vyakula vya kugandishwa, nje kidogo ya mji wa Guastalla, na kazi yake ilikuwa kupima kilichomo ndani ya kila chakula kabla lebo haijachapwa: wanga, mafuta, protini, chumvi. Alikuja na maboksi thelathini ya lazanya, tambi bapa za tabaka tabaka zenye nyama na jibini, akayapanga kwenye friza.

"Unamlisha mume wangu makaratasi," Dirce alisema.

"Karatasi ni boksi, mama. Ndani kuna chakula."

"Mimi sijaona chakula. Nimeona barafu."

Lakini Oreste alikula. Kila mchana boksi moja la gramu mia tatu na hamsini liliingia kwenye oveni, likatoka linatokota, naye akalimaliza bila kusema neno, jambo lililomuudhi mkewe kuliko kama angelisifia.

Wiki ya tano walikwenda kwa Daktari Bonacini. Alimfunga Oreste kile kitambaa cha presha mkononi, akasoma, akasoma tena.

"Oreste, umefanya nini? Mwaka mzima nakupigia kelele upunguze chumvi, hunisikii. Leo presha imeshuka."

"Nakula maboksi, daktari."

Daktari akacheka. Dirce hakucheka.

"Kwa hiyo miaka arobaini na sita mimi nimekuwa nikimuua?"

"Sijasema hivyo, bibi."

"Hujasema, lakini umecheka."

Walipofika nyumbani alitoa boksi moja, akavaa miwani ya kusomea, akakaa nalo mezani mpaka barafu ikayeyuka na kulowesha kitambaa. Alisoma kila mstari. Chumvi, sifuri nukta tisa katika kila gramu mia. Nyama, asilimia kumi na moja.

"Kumi na moja!" alimwambia Morena kwenye simu. "Hiyo nyama haikupikwa humo, ilipita tu ikasalimia."

"Ndiyo maana bei yake ni yuro tatu, mama."

"Sasa sikiliza. Plasta hii ya mkono ikitoka napika yangu, na yangu nayo uipime."

"Mama, ile mashine haina adabu. Itasema inachokiona."

"Iseme."

Plasta ilitoka, na Jumapili iliyofuata Dirce akapika kama alivyopika siku zote. Alisukuma tambi bapa za kijani zenye mchicha, akapika mchuzi wa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, akakoroga mchuzi mweupe wa maziwa, na juu ya kila tabaka akakuna jibini ya parmijano bila kuhesabu. Chumvi ilitiwa kwenye nyama, ikatiwa kwenye maziwa, ikatiwa kwenye maji ya kuchemshia. Morena alikata kipande, akakifungia kwenye kopo. Halafu, bila kuuliza, akaweka sahani ya baba mkwe wake kwenye mizani. Gramu mia sita.

Siku ya Jumatano alirudi na karatasi.

"Protini, yako kumi na mbili, ya kwetu sita. Hapo umetupiga vibaya sana."

"Endelea."

"Chumvi." Morena alikohoa. "Moja nukta tano."

Dirce alikuwa hodari wa hesabu. Moja nukta tano mara sita. Gramu tisa katika sahani moja, na daktari alikuwa amemruhusu Oreste tano kwa siku nzima.

"Mimi sijawahi kulalamika," Oreste alijaribu.

"Nyamaza wewe! Wewe ndiye uliyekuwa ukisema haijakolea!"

Na ni kweli alisema hivyo, mwaka baada ya mwaka, kadiri ulimi wake ulivyozeeka, naye Dirce kila mara aliongeza kidogo ili amfurahishe. Alikumbuka miguu ya mumewe ilivyokuwa ikivimba jioni, soksi zikimwachia alama. Akavuta kiti karibu na Morena.

"Haya, mwanangu. Nionyeshe inakotoka."

Walikaa na karatasi na kalamu kama wanafunzi wawili. Jibini peke yake ilibeba chumvi nyingi. Basi chumvi ya kwenye maziwa ikaondolewa, mahali pake ikaingia kungumanga. Maji ya tambi yakachemka matupu. Nyama ikapikwa kwa saa nne badala ya mbili, na karoti na vitunguu zaidi, mpaka ikatoa ladha yake yenyewe.

Jumapili ya kwanza Oreste aliweka uma chini. "Hiki ni chakula cha hospitali. Nani kalazwa?"

Jumapili ya pili alikula nusu, akiitazama sahani kama mtu aliyedanganywa. Ya tatu alikula yote, akaisogeza sahani mbele aongezewe. Dirce alimtazama Morena, Morena akatazama pembeni asicheke.

Kipimo cha chumvi kilitoka sifuri nukta saba.

"Chini ya boksi," Morena alisema. "Mama, nikiwaonyesha hii kiwandani watanifukuza."

"Wasikufukuze. Waambie waongeze nyama."

Jumapili iliyofuata Oreste alipewa gramu mia tatu tu za lazanya na bakuli la majani machungu yenye mafuta ya zeituni. Alinung'unika kwamba majani ni ya sungura, akayala. Nje ukungu wa mto Po ulikuwa umeshafunika mashamba, na ndani kulikuwa na joto la oveni. Dirce alikunja mkono wake, akaukunjua, akaona kifundo hakimuumi hata kidogo, akainuka kuchemsha kahawa.