Jiko Lililobaki Juu

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya nane ya sikukuu ya Mohani, moshi ulikuwa ukitoka katika jiko la Chirimaya Duwal. Jiko lilikuwa mahali pake pa siku zote, ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la vigae. Ghorofa zilizokuwa chini yake hazikuwapo tangu tetemeko, mwaka wa nne sasa.

Binti yake, Sunkesari, aliuona moshi huo akiwa bado kwenye uwanja wa mahekalu, begi mgongoni. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Butwal, anakofundisha fizikia. Katikati ya Bhaktapur palikuwa panajengwa upya. Hekalu moja lilikuwa limezungushiwa jukwaa la mianzi mpaka kileleni. La pili lilikuwa ngazi tupu, na simba wawili wa mawe waliendelea kulinda mlango ambao haukuwapo. Chini ya turubai palibaki fremu za madirisha zilizochongwa nusu, na mbele ya nyumba nyingi palikuwa na marundo ya matofali yaliyokwisha kuchaguliwa, mazima huku, nusu kule. Harufu ya mbao mbichi ilizidi ile ya vumbi. Mji ulikuwa unapendeza kuliko alivyouacha mwaka uliopita. Sunkesari si mtu wa kusema jambo bila kuliangalia mara mbili. Aliliangalia mara mbili, akaona ni kweli.

Siku ya tetemeko Chirimaya alikuwa ameinjika wali. Nyumba iliporomoka, jiko likabaki. Alipoulizwa sababu, alisema wali ulikuwa haujaiva na hakuweza kuuacha motoni. Wahandisi waliokagua nyumba za mtaa walipanda kwa ngazi ya mianzi, wakagonga kuta, wakatafuta nyufa, wasizipate. Walibandika mlangoni karatasi ya kijani, yaani panakalika, kisha wakaenda nyumba ya pili. Jirani mmoja alilalamika kwamba maji ya kuoshea vyombo yalimmwagikia kutoka juu. Chirimaya akawa anayamwaga upande wa pili, na lalamiko likaisha.

Kilichomsumbua ni ngazi ya mianzi. Magoti yake hayakuwa mazuri, na kila aliposhuka kwenda bombani ilibidi mtu amshikie ngazi kwa chini. Alitaka kujenga tena chini ya jiko lake, hata chumba kimoja kwa kila ghorofa, ili apate ngazi za kweli. Ofisi ya mji ilikuwa tayari kutoa kibali kwa kiwanja chochote chenye upana wa chumba na ngazi. Kiwanja cha Chirimaya kilikuwa na upana huo kabla ya tetemeko. Sasa hakikuwa nao.

Nyumba ya zamani ilikuwa ya ndugu wawili, marehemu mume wake na kaka yake mkubwa, Punyaram. Waliigawa kwa kusimama, kutoka msingi hadi paa, kama watu wanaopasua gogo, na ndivyo ndugu wote wa mji huu wanavyogawana nyumba. Hawakuweka jiwe la mpaka. Mpaka ulikuwa ukuta, na hakuna aliyewaza kwamba ukuta unaweza kuondoka. Ulipoondoka, Punyaram alikuwa wa kwanza kupata mbao na mafundi. Nyumba yake mpya ya kulaza wageni ilifika ghorofa ya tatu, na ukuta wake wa pembeni ulipanda moja kwa moja chini ya jiko la shemeji yake, usawa wa katikati ya jiko.

Sunkesari alimsalimu mama yake, akanywa chai, kisha akatoa kwenye begi timazi, kile kizito cha kupimia kama ukuta umesimama wima, na uzi mrefu aliotoka nao Butwal. Akaufunga uzi kwenye nguzo ya dirisha la magharibi, pale ulipokuwa ukuta wa kugawana, akateremsha timazi. Lilipita katikati ya maboriti ya nyumba ya Punyaram, ambayo yalikuwa bado hayajawekwa mbao za sakafu, ghorofa baada ya ghorofa, hadi chini.

Chini alikuwapo Bekharatna Awal, fundi mwashi, aliyekuja kuchukua zana zake kwa sababu kesho yake zana huwekewa maua na kuabudiwa.

"Dada, huko juu unavua samaki?"

"Limefika chini, fundi?"

"Limefika. Limesimama penye mlango wa choo."

"Choo cha nani?"

"Cha wageni wa mzee."

Sunkesari akamwomba apime kutoka kwenye timazi hadi ukuta mpya. Fundi alipima kwa mikono yake, akasema ngazi ingekaa hapo vizuri, na pembeni pangebaki nafasi ya kuweka pipa. Sunkesari akamuuliza kama huo ukuta si kazi yake.

"Ni kazi yangu, dada. Mimi tofali naliweka pale ninaponyooshewa uzi. Siku ile uzi alishika mzee."

Sunkesari akataka kuukunja uzi wake. Mama yake alikuwa anapanga majani ya mgomba, hakugeuka.

"Uache huo uzi. Hauli chakula."

Saa nane mchana familia ilikula karamu ya siku ya nane. Karamu hiyo huliwa jikoni, mbele ya mungu wa nyumba, watu wakiwa wameketi mstari mmoja kwa umri. Jiko jipya la Punyaram lilikuwa halijapigwa lipu, kwa hiyo ilibidi wale kwa Chirimaya. Walipanda ngazi ya mianzi kwa mpangilio uleule ambao wangeketi nao: Punyaram mbele akiwa ameshikilia kofia yake, mkewe, kisha wanawe wawili. Kichwa cha mstari ni dirisha la magharibi. Punyaram aliketi hapo, fundo la uzi likiwa usawa wa bega lake.

Chirimaya aligawa baji, ule mchele wa kutwangwa ulio bapa, akaweka juu yake soya nyeusi, tangawizi na nyama ya nyati. Aliinua birika la shaba juu ya kichwa, akamimina pombe ya mchele kama uzi mwembamba, bila kumwaga hata tone. Walikula. Nyama ilikuwa laini. Kupitia dirishani milima ya theluji ilionekana yote, na mtoto wa kwanza wa Punyaram akasema hakuna mgeni atakayeona milima vizuri hivi kutoka kwao. Kwenye mafiga ya nyuma chungu cha wali cha siku ya tetemeko kilikuwa bado motoni. Sunkesari alifunua kifuniko, akaminya punje moja. Kiini kilikuwa bado kigumu.

Alipojazwa pombe mara ya pili, Punyaram alikwaruza fundo kwa ukucha.

"Huu uzi ni wa nini?"

"Wa timazi, baba mkubwa. Limeangukia ndani kwako."

"Nimeliona. Nilidhani mmenifungia kengele." Wanawe wakacheka. "Wenzako wanatafuta wachumba, mwalimu, wewe unapima kuta. Ardhi ilisogea siku ile. Wataalamu wamesema hata redioni, bonde lote limesogea."

"Lilisogea na nyumba yako pia."

"Ya kwangu ilisogea zaidi."

Mkewe alitazama jani lake. Sunkesari alisema kwamba jiko halikusogea, wahandisi walilikagua, na chini yake pana nafasi ya ngazi ambayo mama yake anaihitaji kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Alisema baba yake mkubwa auhamishie tu ukuta pale timazi lilipo, kwa kuwa sakafu bado hazijafungwa. Punyaram alitafuna taratibu. Hakusema kwamba ni uongo. Alimgeukia Chirimaya.

"Shemeji, ngazi tu ndiyo shida? Nitakutobolea mlango juu ya paa langu. Utapita kwangu kama kwako. Za kwangu zina reli ya kushika."

"Mpaka saa ngapi?" Chirimaya akauliza.

"Wageni hulala saa nne."

"Saa nne nitakuwa nimelala na mimi," akasema, akamwongezea nyama.

Mlango ulitobolewa kabla ya majira ya baridi. Ukuta haukuguswa. Wakati wa kuweka sakafu, Bekharatna aliukuta uzi palepale. Chirimaya alikuwa amekataa ukatwe, kwa hiyo akaacha tundu dogo katika kila ghorofa.

Mohani iliyofuata Sunkesari alikuja tena. Hekalu la kwanza lilikuwa limevuliwa mianzi na watu waliketi kwenye ngazi zake wakila mtindi. Nyumba ya wageni ilikuwa imefunguliwa. Kile kipande chembamba cha kiwanja kilichobakia kwa mama yake kilikuwa kimepangwa mitungi ya gesi ya nyumba hiyo. Timazi lilining'inia penye mlango wa choo, liking'aa kwa kushikwashikwa, na ghorofa ya pili mgeni mmoja alikuwa ameanika soksi kwenye uzi. Sunkesari alipima tena hadi ukutani, sasa kwa mkanda wa chuma. Palikuwa vilevile.

Alimkuta mama yake kwenye ngazi za Punyaram, ametoka bombani na ndoo, ndala mkononi kwa sababu wageni hawapendi kelele. Alipanda vizuri, akishika reli. Alikuwa amenenepa kidogo. Walifika juu, wakapita mlango wa paani, wakaingia jikoni. Chirimaya alifunua chungu kilekile, akaonja punje moja, akasema bado, akaongeza maji.