Asizidi Themanini

Kama malaika wanatunza picha za ulafi wa binadamu, basi nyingi walizipigia ghorofa ya kumi na moja ya ile meli ya watalii. Saa mbili asubuhi watu walikuwa wamekwisha panga foleni ukumbini, sahani mkononi, roho juu, utadhani chakula kitatoroka. Kingetorokea wapi, katikati ya bahari?

"Mwone yule wa kaptura," Bi Mizani alimwambia wifi yake. "Ameshuka kwa lifti ghorofa moja. Moja tu! Kuja kula mayai sita."

"Labda anaumwa magoti, wifi."

"Anaumwa tumbo, ila bado hajajua."

Wifi mtu akacheka kidogo. Mbele yake palikuwa na yai moja la kuchemsha, vipande vya tikiti na kikombe cha chai isiyo na sukari. Bi Mizani alikuwa amempakulia mwenyewe. Alimpakulia tangu jana walipopanda meli, na alikusudia kumpakulia hadi watakaposhuka, siku tisa, kwa sababu kumwachia mwoka keki ajipakulie mwenyewe mbele ya meza ya keki ni sawa na kumpa fisi ufunguo wa bucha.

Jina la Bi Mizani alipewa na akina mama wa kliniki. Miaka thelathini na mmoja alikuwa muuguzi wa watoto wachanga, kazi yake kuwaning'iniza kwenye mzani na kuandika kilo zao kwenye kadi. Mtoto akipungua, mama yake alijuta kumleta. "Umemlisha nini huyu, upepo?" aliuliza mbele ya foleni nzima, na mama wa watu akainama chini. Wengi walimwogopa kuliko sindano. Yeye mwenyewe aliita hiyo kazi nzuri.

Safari haikuwa yake. Mdogo wake wa kiume, mhandisi wa barabara, aliilipia ili yeye na mkewe waadhimishe miaka ishirini na mitano ya ndoa. Kisha figo zake zikafa, zote mbili, na mara tatu kwa wiki akawa anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Tikiti hazikurudishwa. "Nendeni nyinyi wawili," alisema. "Mke wangu apumzike kabla ya kukatwa." Huenda alidhani bahari itawapatanisha dada yake na mkewe. Wagonjwa wana mawazo mema.

Maana aliyekuwa akatwe ni huyo wifi. Figo yake moja ilikuwa itolewe apewe mumewe. Daktari alikuwa ameweka sharti: kwa kimo chake asizidi kilo themanini. Miezi mitano mwanamke alijinyima, kutoka themanini na sita hadi sabini na tisa, akioka keki za harusi za watu bila kulamba hata kijiko. Daktari bingwa wa kupandikiza alikuwa anakuja kutoka nje, na siku yao ilikuwa wiki ileile ya kurudi kwao. Wakishuka tu, wifi apimwe. Akizidi, au akionekana na kasoro yoyote, nafasi inapewa mgonjwa mwingine, na wao wasubiri ziara nyingine ya bingwa, miezi minane mbele. Mgonjwa mwenyewe hakuwa mtu wa kuambiwa asubiri miezi minane. Shati lake lilikuwa linamwangukia mabegani.

Kuna jambo moja Bi Mizani hakulisema kwa mtu. Yeye ndiye aliyejitolea kwanza. Tumbo moja, ziwa moja, nani angefaa kuliko yeye? Wakampima, wakasema presha yako haifai, mama. Kisha akapimwa huyu mtu wa kuja, muuza keki, akafaa. Lilimuuma. Liliuma kuliko alivyotaka kukiri, na mtu aliyeumwa hivyo hutafuta pa kupumulia.

Kwa hiyo alibeba mzani wake kutoka nyumbani, ule wa kukanyaga, wenye mshale, akautua kwenye bafu la chumba chao. Bafu lenyewe lilikuwa dogo, mtu akipimwa ilibidi mwingine asimame mlangoni. Kila asubuhi kabla ya chai wifi alipanda juu ya mzani akiwa na gauni la kulalia, na Bi Mizani akasoma na kuandika kwenye daftari. Siku ya kwanza, meli ikiwa bado imefungwa gatini, sabini na tisa. Siku ya pili, walipokuwa karibu na pwani, sabini na tisa na nusu.

Siku ya tatu wakaingia bahari kuu.

"Tulia," alisema Bi Mizani. "Mbona unatikisika?"

"Si mimi, wifi. Ni meli."

"Meli? Meli ya ghorofa kumi na mbili itikiswe na nini? Simama vizuri."

Mshale ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kati ya sabini na saba na themanini na moja. Mtu mwingine angechukua namba ya katikati. Bi Mizani alichukua ya juu, kwa kuwa katika akili yake mlafi hasingiziwi.

"Themanini na moja," alisema. "Umekula nini?"

"Ulichonipakulia wewe."

"Yai na tikiti havileti kilo na nusu kwa siku moja. Mimi nimepima watoto kabla wewe hujajua kuwasha jiko."

"Haki ya Mungu, wifi, sijatia kitu kingine mdomoni."

"Basi umekula kwa pua."

Siku hiyo wifi alipokwenda kuoga, Bi Mizani alipekua mkoba wake, mito, viatu, hata mfuko wa nguo chafu. Hakukuta hata punje ya biskuti. Mwenye akili timamu hapo angeanza kuushuku mzani. Yeye alizidi kumshuku mtu, tena akamsifu moyoni kwa ustadi wa kuficha.

Yai likaondolewa. Siku ya nne ikawa tikiti na chai asubuhi, supu ya maji maji mchana, na jioni tango. Wifi hakubisha. Lilikuwa jambo la kumuudhi Bi Mizani kuliko ubishi, maana mtu asiyebisha huwezi kumshinda. Alikaa mezani mikono mapajani akitazama wenzake wanavyojichana, na wenzake kweli walijichana. Palikuwa na kikundi cha akina mama waliovaa fulana za rangi moja, waliozunguka meli kwa mwendo wa haraka kila asubuhi, mizunguko kumi, mikono juu mikono chini, kisha wakaingia ukumbini moja kwa moja na kumaliza sinia la keki kwa hoja kwamba wameshalitolea jasho. Palikuwa na mzee aliyeapa mbele ya watu kwamba hataongeza hata gramu, na kweli hakuongeza sahani. Alijaza ileile mara nne. Palikuwa na mume na mke waliokula kwa zamu ili mmoja abaki kulinda kiti.

"Mla mla leo," Bi Mizani alisema kwa sauti ya kusikika. "Watashushwa humu kwa winchi."

Wifi hakucheka tena. Alikuwa anatazama siagi iliyobaki kwenye kisu.

Siku ya tano mshale uligusa themanini na mbili. Bi Mizani aliukodolea macho pima, kisha akafunga daftari kwa kishindo.

"Unajua nani atakufa?" aliuliza. "Si wewe. Ni mdogo wangu. Unamla mdogo wangu, kijiko kwa kijiko."

Wifi alishuka kwenye mzani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Machozi yalimtoka bila sauti. "Niambie nifanye nini, wifi. Wewe ndiye unayejua. Nifanye nini?"

Hapo ndipo Bi Mizani angeweza kuwa mtu. Badala yake alikwenda kwenye duka la meli, lilelile alilolicheka tangu siku ya kwanza kwa kuuza mikanda ya kutetemesha vitambi, akanunua pakiti ya chai ya majani ya kukonda. Picha ya juu ilionyesha kiuno cha msichana ambaye hajawahi kuhitaji chai hiyo. Muuguzi wa miaka thelathini na mmoja alijua vizuri majani yale hufanya nini. Yanaharisha. Mama yeyote wa kliniki angempa mtoto wake kitu kama kile, Bi Mizani angemfokea mpaka asahau njia ya kwao. Alichemsha vikombe viwili, asubuhi na jioni, siku nne mfululizo.

Wifi akawa anaishi bafuni. Midomo ilimkauka. Siku ya saba alipoinuka mezani alishika kiti, na mpishi mmoja aliyekuwa anakata nyama alimwona, akaja na bakuli la supu yenye mvuke.

"Mama, kunywa hii kidogo. Huonekani vizuri."

"Ana masharti ya daktari," Bi Mizani alimkata kauli.

Mpishi alimtazama mgonjwa, akamtazama mlinzi wake, akaondoka na bakuli lake. Mtu anayelisha watu elfu tatu kwa siku anamtambua mwenye njaa, lakini hakuna aliyemwajiri aseme.

Asubuhi ya mwisho, walipoamka meli ilikuwa imeshafika na kufungwa. Injini zimezimwa. Kwenye korido watu walikuwa wanaburuta masanduku, na mmoja alikuwa analalamika kwamba zipu ya suruali imemsaliti. Wifi alipanda mzani akishika ukuta. Bi Mizani aliinama kusoma.

Sabini na nne.

Kwanza alifurahi. Ni lazima isemwe, alifurahi, akasema, "Si unaona? Nilikuambia." Halafu akaona kitu kingine. Mshale ulikuwa umetulia. Ulisimama kimya kwenye mstari wake kama ulivyosimama siku ile ya kwanza gatini. Kilo saba na zaidi hazimtoki mtu kwa siku nne, hata kwa chai ya shetani. Asubuhi zote zile mshale ulipokuwa unacheza, ilikuwa bahari inapimwa, si wifi. Na yeye, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja aliwaambia wanafunzi wauguzi, mtoto akirusha miguu usisome, subiri mshale utulie, alisoma.

Wifi alikuwa amekwisha mwambia. Siku ya tatu, kwa maneno matano.

"Wifi, mbona umenyamaza?"

"Vaa," alisema Bi Mizani. "Tutachelewa hospitali."

Kwenye teksi alinunua maji chupa mbili akamlazimisha anywe zote. Maji ya saa moja hayalipi ukavu wa siku nne, naye alilijua hilo kuliko dereva.

Daktari alimpima wifi kwenye mzani wa hospitali, akatoa damu, akawaacha wakisubiri kwenye benchi hadi mchana. Aliporudi hakuketi.

"Sabini na nne. Presha yako iko chini mno, mama. Na damu inaonyesha figo zako zimeumia kwa kukosa maji. Ulikuwa unaharisha?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatumia dawa?"

Wifi alitazama mikono yake. "Chai tu."

"Mimi nilisema usizidi themanini," alisema daktari. "Sikusema ukauke. Figo zitarudi, ukinywa na ukila, Mungu akipenda. Lakini siwezi kukukata wiki hii. Nikimpelekea bingwa majibu haya atanifukuza chumbani." Akageuza karatasi ili asiwatazame. "Nafasi nimempa mtu mwingine. Samahani sana. Miezi minane si mbali."

Ilikuwa mbali, na wote watatu walijua.

Mgonjwa alikuwa chumba cha mashine, mwisho wa korido, kwenye kiti cha kulalia, mirija miwili mkononi, mmoja unatoa na mwingine unarudisha. Alipowaona akatabasamu, kisha tabasamu likaanza kupungua alipomtazama mkewe usoni.

"Mbona umekonda hivyo? Melini hawakupi chakula?"

Wifi akaketi karibu naye, akamshika mkono ule usio na mirija. "Bahari ilinichafua. Nilitapika njia nzima. Daktari anasema damu yangu si nzuri, basi wameahirisha. Nisamehe, baba."

Mlango ulikuwa wazi. Kama Bi Mizani angetaka, neno hilo lingemfunika maisha yake yote. Bahari haiji kutoa ushahidi. Na alitaka. Kwa muda wa pumzi tatu alitaka sana. Lakini alimtazama mdogo wake akimpigapiga mkewe mgongoni, yeye mwenye kufa akimfariji mzima, kwa kosa ambalo mzima hakulifanya.

"Anakudanganya," alisema. "Hakutapika. Ni mimi. Nilimpima vibaya, nikamnyima chakula, nikamnywesha dawa ya kuharisha. Aliniambia ni meli inatikisika, sikumsikia. Ni mimi niliyempima."

Mashine ikaendelea kuzungusha damu ya mdogo wake. Aliyegeuka ni wifi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano hakuinamisha macho.

"Umenipima tangu siku niliyoolewa, wifi," alisema, bila hasira, kama mtu anayetaja bei. "Kila siku nilikuwa nalipa mimi peke yangu. Leo umemlipisha yeye."