Aliyeuzwa kwa Hekalu

Nyayo zake zilikuwa tayari juu ya makasia kabla dereva hajazima basi. Alikuwa ameketi nyuma ya mashua, mgongo umeegemea ubao, magoti yamekunjwa, visigino vimetulia kwenye mipini, na kofia ya majani imemfunika uso mpaka kidevuni. Mashua nyingine zote zilikuwa bado zimefungwa. Katika gati letu kila kaya ina mashua moja na zamu moja, na zamu ya kaya yetu ilikuwa imepita siku nne nyuma. Ili aniendeshe siku ile, alikuwa amembembeleza jirani yetu Thoa wabadilishane, na Thoa hajawahi kutoa kitu bure: alitaka asaidiwe kuvuna mpunga siku mbili.

"Umeshakula, Shangazi?" nilimuuliza.

"Nimekula. Panda, jua halitakungoja."

Huyo ndiye mama aliyenizaa.

Kabla yangu alizaa wavulana wawili, na hakuna aliyefikia umri wa kutembea. Nilipozaliwa mimi, mdogo kama paka na mwenye kulia kutwa, wazee walisema mtoto huyu ni mgumu kumlea, kuna kitu kinawafuata watoto wa nyumba hii. Basi nikafanyiwa wanachofanyiwa watoto wa aina yangu. Nilipotimiza siku mia moja nilipelekwa hekaluni nikauzwa. Hati iliandikwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyekundu: jina langu, saa niliyozaliwa, na kwamba tangu siku ile Diep ni mtoto wa Mlinzi, mungu wa hekalu; nyumbani analelewa tu. Na ili kile kilichokuwa kikiwinda watoto kisigundue kwamba mle ndani mna mtoto wa mtu, nilifundishwa kumwita mama yangu Shangazi na baba yangu Baba Mdogo. Baba alipofariki, nikiwa na miaka tisa, nilitembea nyuma ya jeneza na kitambaa cheupe kichwani nikimlilia Baba Mdogo.

Mtoto aliyeuzwa hukombolewa anapotimiza miaka kumi na miwili. Hupelekwa sadaka, hati husomwa kisha huchomwa, na mtoto hurudi kuwa wa kwao. Mimi sikurudi. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba mwaka haukuwa mzuri. Mwaka uliofuata nao haukuwa mzuri. Nilipofika miaka kumi na sita niliacha kuuliza. Nilikwenda Hanoi kusoma, nikapata kazi ya kuongoza watalii, nikawa naletwa na kazi hiyohiyo kwenye mto wetu uleule mara tatu kwa wiki, nikimwita Shangazi mbele za watu bila kupepesa. Lakini moyoni lile jambo lilikuwa limeota mizizi. Niliamini kwamba mwanamke aliyezika wavulana wawili hakuona sababu ya kuitwa Mama na msichana.

Sasa nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Jumapili nilikuwa naolewa, na Jumatano mume wangu angenichukua kwenda Taiwan, kwenye duka la vipuri la wazazi wake. Asubuhi ya harusi mwenye binti husimama mbele ya madhabahu ya nyumbani, awaambie wahenga kwamba huyu anaondoka. Shangazi angesimama pale aseme nini? Kwamba mtoto wa watu anaondoka? Kwa hiyo siku ya safari yangu ya mwisho nilibeba sinia lililofunikwa kwa kitambaa, na nilikuwa nimekwishampigia simu mtawa wa hekalu. Shangazi sikumwambia.

Wageni sita waligawanyika wawiliwawili katika mashua tatu. Mimi nilipanda ya nne, ya Shangazi, pamoja na kreti la maji ya kunywa. Thoa, ingawa hakuwa na zamu, alikuwa amekuja gatini kututazama, na hakuacha kunitania. Alisema bwana harusi ameletewa mke asiyejua hata kupiga makasia kwa mikono, seuze kwa miguu. Shangazi alimjibu kwamba Taiwan kuna barabara. Wanawake wakacheka, na mashua zikachomoka gatini moja baada ya nyingine.

Ulikuwa mwisho wa mwezi wa tano. Mpunga ulikuwa umeiva pande zote mbili za mto, manjano mpaka kwenye miguu ya milima, na milima ya mawe ilisimama ndani yake kama ng'ombe waliolala majini. Wageni walipiga picha. Mimi nilitazama miguu. Mguu wa kulia ukisukuma, wa kushoto unavuta. Nyayo zimepasuka, na kila mpasuko umeingia udongo usiotoka kwa sabuni. Ni miguu hiyo iliyonisomesha. Nilikuwa najua hilo vizuri sana, na kulijua hakukunipunguzia kitu.

Katika pango la kwanza dari ilishuka hadi tukainamisha vichwa. Giza lilikuwa na ubaridi wa mtungi. Sauti za wageni zilizimika, zikabaki za makasia na matone. Nilitamani anene neno humo, mahali ambapo sionani naye. Akanena. Aliuliza kama huko Taiwan mama mkwe anakula samaki mwenye miba mingi, kwa sababu mimi sijui kumchambua.

"Nitajifunza," nikasema.

"Utajifunza," akakubali, na nuru ikatupokea upande wa pili.

Baada ya pango la pili mashua hutia nanga chini ya hekalu. Ngazi za mawe hugawanyika pale: za kushoto huenda hekaluni, za kulia hupanda kileleni, ngazi mia tano, na kutoka juu mto wote huonekana umejikunja ndani ya manjano. Niliwaelekeza wageni wapande, nikawapa maji na dakika hamsini. Walipokwisha kupotea kwenye kona ya kwanza nilichukua sinia na kufunua kitambaa. Wali wa kunata, ndizi mbivu kichane kizima, maua meupe, tambuu na popoo, vijiti vya ubani.

Shangazi aliliangalia sinia muda mrefu. Alijua ni la nini.

"Rudisha kitambaa," akasema. "Nzi."

Nikamwambia mtawa anatungoja. Nikamwambia kuhusu Jumapili, kuhusu madhabahu, kuhusu jinsi watu wa upande wa mume watakavyosikia bibi harusi akimuaga mama yake kwa jina la shangazi. Niliongea kwa utaratibu, kama ninavyoongea na mgeni aliyepoteza pasipoti. Yeye alitoa miguu kwenye makasia akaiweka chini, jambo asilolifanya akiwa ndani ya mashua.

"Mwaka haujawa mzuri, Diep."

Hapo utaratibu ukaniishia. "Shangazi, mwaka gani utakuwa mzuri? Nikishazeeka? Sema tu kwamba hukunitaka."

Mashua ilitikisika kidogo, ikatulia. Juu yetu mbuzi wa hekalu alikuwa akirusha vijiwe kutoka mwambani kila alipohama. Shangazi alivua kofia, na nikaona kwamba nywele zake za utosini zimekuwa chache.

"Niliweka tayari sinia kama hilo," akasema. "Ulipotimiza miaka kumi na miwili. Niliamka alfajiri, nikapika wali, nikakuogesha kwa maji ya majani ya ndimu. Hatujatoka mlangoni, ukajikunja ukatapika. Ukatapika mpaka ukawa wa kijani. Ndugu yako wa pili alianza vilevile." Alipitisha kiganja usoni. "Mlinzi alikuwa hataki kukutoa. Niliona kwa macho yangu. Nikasema basi, na akae naye. Afadhali niwe shangazi wa mtu aliye hai."

Asubuhi ile naikumbuka, na naikumbuka pia jioni iliyoitangulia. Kwa Thoa, nyuma ya zizi la nguruwe, kulikuwa na mpera. Nilipanda nikala mapera mabichi kwa chumvi na pilipili, kumi, kumi na mawili, mpaka meno yakafa ganzi. Sikumwambia mtu, maana Thoa alikuwa ameapa kumchapa atakayegusa mti wake. Usiku tumbo lilinikata, asubuhi likajimwaga. Shangazi aliponiambia hatutakwenda tena, nililala na furaha ya mwizi ambaye hakukamatwa.

Miaka kumi na tisa sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili mahali pamoja. Mapera yalikuwa utoto wangu. Kutokombolewa kulikuwa kosa lake.

Nilimwambia. Nilianza na mpera, nikamalizia na chumvi. Nilipomaliza alikuwa bado ananitazama kama mtu aliyesomewa barua ya mtu mwingine.

"Mapera," akasema.

"Mabichi."

"Ya Thoa."

"Ndiyo."

Aligeuka akatazama maji. Mabega yake yalianza kutikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio; nadhani naye hakujua. Nilijua tu kwamba sina haki tena ya kumlazimisha lolote. Nikafunika sinia, nikamwambia tuache, wahenga wataelewa, mimi mwenyewe nitawaelezea. Nikaanza kulirudisha chini ya kiti.

"Lete," akasema. Alikuwa amekwishasimama, amevaa ndala. "Lete, unalishika vibaya, wali utamwagika."

Alitangulia kupanda, sinia kichwani mwake.

Mtawa Dam Tuoc tulimkuta uani akitoa majani kwenye mfereji kwa mkono. Ni mwanamke wa umri wa Shangazi, mkavu wa maneno. Alinawa, akavaa joho la kahawia, akatoa hati yangu kwenye sanduku la mbao. Karatasi ilikuwa imefifia ikawa rangi ya waridi. Alisema kati ya watoto wote waliouzwa katika hekalu hili mimi ndiye niliyekaa sana, na kwamba alikuwa akijiuliza kama nimesahauliwa.

"Hakusahauliwa," Shangazi akasema. "Kila mwezi mpya mimi hapa. Humuoni anayefagia ngazi?"

Mtawa akakiri kwamba anamuona. Mimi nilikuwa sijui.

Tulipiga magoti mbele ya Mlinzi, sanamu yenye uso mwekundu na ndevu ndefu. Mtawa akasoma, ubani ukapanda, kisha akachukua sarafu mbili za kale ambazo kwazo Mlinzi huulizwa. Kila moja ina upande uliopakwa chokaa. Moja ikilala chokaa juu na nyingine chini, Mlinzi amekubali. Zote zikificha chokaa, amekataa. Shangazi alikunja vidole vyangu ndani ya vyake. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho, kama mkono wa mtoto anayepelekwa kudungwa sindano.

Sarafu zikalia kwenye kisahani. Zote mbili chokaa juu.

Shangazi alifumba macho. "Amekataa."

"Hajakataa," mtawa akasema. "Anacheka. Mmemfanyia nini?"

Hatukumwambia. Akarusha tena. Nilisikia sarafu moja ikizunguka, ikizunguka, ikichukua muda wake wote, kisha ikalala. Moja nyeupe, moja nyeusi. Mtawa aliichukua hati akaigusisha kwenye mshumaa, akaisimamia mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Mchukue mtoto wako," akamwambia Shangazi, kisha akarudi kwenye mfereji wake.

Wageni walikuwa wakishuka kutoka kileleni, wekundu, wamelowa, wanasema hawajapata kuona kitu kama kile. Niliwaonyesha njia ya kurudi mashuani, nikasema maneno yangu ya kila siku kuhusu milima na mpunga. Mto ulituchukua. Katika pango, gizani, nililiweka neno lile ulimini mara tatu, na mara tatu nikalimeza. Halikuwa zito, lilikuwa geni tu, kama kiatu cha mtu mwingine. Yeye naye hakuniuliza. Alipiga makasia kwa mwendo uleule, labda polepole kidogo, na mashua yetu ikawa ya mwisho kufika.

Gatini ilikuwa saa ya jioni ambapo zamu zote zimerudi. Wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wamefunga mashua, wanakamua vitambaa, wanagombea kivuli cha ukuta, wanaulizana nani ana dawa ya mbu. Nilipandisha wageni kwenye basi, nikawahesabu vitini, nikateremka kuchukua kreti tupu. Kreti dereva alikuwa amekwishalibeba. Sikuwa na sababu nyingine ya kubaki. Nilisimama juu ya ngazi, nikavuta pumzi.

"Mama."

Vichwa vikageuka gati zima. Thoa akageuka, aliyelala kivulini akainuka kwa kiwiko, hata bikizee anayeuza vitambaa vya kudarizi, ambaye wanawe wako Saigon na hawaji, alinyanyua uso upesi akakinga macho na jua. Kila mmoja wao aliitafuta sauti ile, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaiacha.

Mama yangu peke yake hakugeuka. Alikuwa amejipinda ndani ya mashua yake, anachota maji ya chini kwa kopo la bati na kuyamwaga mtoni, anachota na kumwaga. Neno lile lilikuwa limepita karibu naye miaka yote likienda kwa wenzake, na hakuwa na sababu ya kudhani kwamba leo limefika.

Dereva akapiga honi. Nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikaanza kushuka ngazi.