Mluzi wa Wandera

Mbuzi alikita miguu ya mbele mlangoni, akagoma. Wandera akavuta kamba. Mbuzi akalia, na zizi zima nyuma yake likaitikia.

Miaka kumi na mmoja pale machinjioni Kiamaiko, kazi yake ilikuwa hiyo moja: kuwatoa mbuzi zizini na kuwafikisha kwa mchinjaji. Hakuwahi kuvuta. Alikuwa akitangulia, akipiga mluzi wa chini, kamba imelegea, nao wakimfuata kama wanaokwenda malishoni. Lakini tangu arudi kutoka Busia kumzika mkewe, Awuor, wiki ya pili sasa, mluzi haukumtoka, na mbuzi walimkataa.

Hanad, msimamizi, alikuwa amesimama kando na chai iliyopoa.

"Mzee Wandera, yule wa bucha ya Umoja amerudisha nyama tena. Nyeusi, kavu. Mbuzi akifa na hofu, nyama inasema."

"Nimesikia."

"Sipendi kukuambia haya na msiba bado mbichi. Lakini leo ikiwa hivi, kesho zizi nitampa mtu mwingine. Na sina kazi nyingine ya kukupa."

Wandera alitaka siku iishe tu. Ndiyo maana alifanya jambo ambalo hata mgeni wa siku moja pale asingelifanya: alifunga mbuzi wawili kwa kamba moja, akawaburura pamoja.

Mursal, mchinjaji, alipowaona alificha kisu nyuma ya mgongo.

"Wawili? Huyu amtazame mwenzake akichinjwa?"

"Nimechoka, Mursal."

"Naona. Hata mbuzi wameona." Akamsogelea. "Umemlilia mama watoto?"

"Nimlilie wapi? Nyumba ni chumba kimoja. Watoto wananiangalia usoni wajue kama na wao walie. Kule mazikoni mimi ndiye nilikuwa nabembeleza watu."

Mursal akageuka. Akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Hanad, kisu kimekuwa butu. Naenda kunoa."

"Si umenoa asubuhi?"

"Kwani nani anachinja, mimi au wewe?"

Kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Mursal akazunguka nyuma ya ukuta, na alipopita, Wandera aliyaona makali yake: yangeweza kukata unywele.

Akawarudisha mbuzi wake zizini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nyuma ya ukuta chuma kilisugua jiwe, polepole, bila haraka ya mtu mwenye kazi.

"Awuor," akasema, kama anayemwuliza ameweka wapi kiberiti.

Kisha akalia. Alilia mpaka kamasi zikamtoka, na mbuzi wakalia nao, kila mmoja na lake, na aliyekuwa nje asingeweza kujua ipi ni sauti ya nani.

Beberu mmoja mweusi, mwenye doa jeupe shingoni, akaja akaanza kutafuna upindo wa koti lake. Lilikuwa lile la mazishi. Akamwacha atafune.

Jiwe likanyamaza.

Wandera akajipangusa kwa mkono, akamfunga yule mweusi peke yake, akatangulia. Hanad alimpisha mlangoni. Mluzi ulitoka ukikwaruza, nusu yake hewa tupu. Nyuma yake kwato ziligonga saruji mara mbili, zikasimama.

Hakugeuka. Kamba ilikuwa bado imelegea mkononi. Akalowesha midomo, akapiga mluzi tena, akangoja.