Jikoni kwa Mwantumu

Kaimu alirudi Mandawa mwezi wa pili wa mwaka 1951, kwa miguu kutoka Nachingwea, baada ya ile kambi kubwa ya Waingereza ya kulima karanga kuanza kupunguza watu. Miaka mitatu alikuwa huko akikusanya visiki nyuma ya matrekta, nyumbani akifika mara moja kwa mwaka. Kichwani alibeba blanketi na sufuria mpya ya mkewe. Njia nzima aliwaza jinsi Mwantumu atakavyoigonga kwa kidole asikilize mlio, maana ndivyo alivyofanya kwa kila chombo kabla hajakikubali.

Alimkuta amelala mkekani, mlangoni mwa jiko. Miguu ilikuwa imekonda, tumbo limejaa. Alikuwa akiumwa tangu wakati wa kupanda, na hakutuma salamu kambini kwa sababu alijua mumewe angeacha kazi. Watoto wao wawili walikuwa wamewazika wangali wachanga, hivyo hapakuwa na mwingine wa kumwangalia isipokuwa Biasha, jirani wa upande wa pili wa shamba la mihogo, aliyekuwa akimletea maji na uji.

Kaimu na kaka yake, Shaibu, walimbeba kwa machela mpaka zahanati ya Ruangwa. Mganga alimbonyeza tumbo, akampa dawa ya maumivu, kisha akamwita Kaimu pembeni na kumwambia amrudishe nyumbani akamlishe vizuri anavyoweza. Kaimu akarudi kwenye machela. Alielewa.

Wiki ileile Biasha akaitwa aende Chinongwe, binti yake alikuwa karibu kujifungua. Kaimu akabaki na mgonjwa, na jiko ambalo kwa miaka kumi na minane alilipita tu akienda kunawa mikono.

Siku ya kwanza alipika ugali wa mtama ukawa na madonge, ndani unga mbichi. Mboga ilikuwa majani ya maboga. Alikuwa amezitwanga karanga mbichi, akazimwaga zote kwa mara moja na kufunika chungu. Mboga ikafurika, ikauzima moto. Mwantumu aliuangalia moshi ule, akacheka mpaka akajishika tumbo kwa maumivu. Kaimu naye akacheka, kisha akageukia ukutani asionekane uso.

"Nisogeze karibu," Mwantumu alisema. "Nitakuwa macho, wewe uwe mikono."

Tangu siku hiyo kila asubuhi Kaimu aliuvuta mkeka mpaka karibu na mafiga, na mafunzo yakaanza. Karanga zikaangwe kwanza, moto mdogo, mpaka ngozi ijivue yenyewe ukizisugua viganjani, ndipo zitwangwe. Unga wake ukorogwe pembeni na maji ya vuguvugu, umiminwe kidogo kidogo, na kuanzia hapo chungu kisifunikwe wala mwiko usipumzike. Chumvi iingie mwishoni, kwa sababu mboga ya majani hunywea, na ukiitia chumvi ingali nyingi utakuja kula chumvi tupu. Samaki mkavu apitishwe kwanza juu ya makaa mpaka anukie, ndipo aloekwe. Kisamvu kisikimbizwe, kichemke mpaka harufu ya ubichi iishe, hata kama njaa inauma.

Kaimu alishangaa kwamba mambo haya yalikuwa yakifanyika kila siku hatua chache kutoka alipokaa akisubiri chakula, naye hakuwahi kuyaona.

Akafundishwa utunzaji wa vyombo pia. Sufuria ile mpya Mwantumu aliamuru ipakwe udongo wa maji upande wa chini kabla haijakaa motoni, ili masizi yashike udongo na yatoke nao kwa kuosha mara moja. Ukoko usikwanguliwe kwa kisu. Umwagiwe maji na majivu kidogo, uachwe karibu na makaa wakati watu wanakula, utabanduka wenyewe. Chungu cha moto kisiguswe na maji baridi, kitapasuka. Kibuyu cha chumvi kining'inie juu ya moshi isipate unyevu. Na majivu ya jana yaondolewe kabla ya kuwasha moto wa leo. Wanaolalamika kwamba kuni zao hazishiki, Mwantumu alisema, wengi wao wanawasha moto juu ya majivu.

Mwezi wa tatu mvua zikawa nyingi. Shaibu alikuja siku moja akamkuta ndugu yake ameinama anapuliza moto, machozi ya moshi yanamtiririka. Alikaa, akakohoa, akazungumza mambo ya shamba kwa muda mrefu kabla ya kulitoa lililomleta. Watu wanasema, alieleza. Si vizuri mwanamume aonekane na mwiko wakati ana ndugu. Kule Kilimarondo yuko mjane mmoja, Sikuzani, mtu mzima, mtulivu. Dini inaruhusu, na hata mgonjwa mwenyewe angepata mwenzake wa kumsaidia.

Kaimu aliendelea kupuliza mpaka kuni zikashika. "Kaka," alisema, "huyu ninayempikia bado yuko hai."

Shaibu akaondoka bila kula. Mwantumu alikuwa amesikia yote kutoka mkekani. Alipopewa sahani yake alionja, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeridhika, akasema leo karanga zimekaangwa sawasawa. Kaimu alikwenda shambani siku hiyo akiwa na furaha ambayo hakuijua tangu arudi. Alipalilia mpaka adhuhuri akipanga moyoni apike nini kesho.

Siku kama tano baadaye alirudi mapema kwa sababu jembe lilichomoka mpini. Alipokaribia nyuma ya jiko aliona kuku wamejikusanya chini ya upenyo wa ukuta, wanagombania ugali na mboga. Akachungulia. Mwantumu alikuwa ameegemea kiwiko, anamega tonge kwa shida, anapenyeza nje kupitia tundu la fito pale udongo ulipobanduka. Sahani ilikuwa karibu tupu.

Kaimu alizunguka akaingia kwa mlango, akakaa chini. Alimwuliza tangu lini.

Mwantumu aliisukuma sahani kando. Akasema tangu kabla hajarudi kutoka Nachingwea. Anachomeza ni uji mwepesi tu, na hata huo hausikii ladha. Mdomo wake umekuwa kama wa udongo. Harufu ndiyo iliyobaki. Kwa harufu aliweza kujua karanga zimeiva au zimeungua, na ndivyo alivyokuwa akimsifu.

"Kwa nini basi umenifanya nipike siku zote hizi?"

"Kwa sababu utabaki," alisema. "Nikiondoka watakuletea mke kabla kaburi langu halijakauka, na wewe utakubali kwa njaa. Ukitaka kuoa, oa. Lakini uoe umeshiba."

Kaimu aliinuka. Aliichukua sahani, akaiosha, akaianika juani kwenye kichanja kama alivyofundishwa, akasimama pale nje muda mrefu kuliko sahani ilivyohitaji.

Kuanzia siku hiyo hawakudanganyana. Alimpikia uji wake kando, akauchuja kwa kitambaa, na chakula chake mwenyewe alikipika karibu naye ili apate harufu. Siku nyingine Mwantumu alinyoosha kidole tu, naye akajua moto umezidi. Baadaye hata kidole hakikunyanyuka. Alifariki mwezi wa nne, Ijumaa asubuhi, Kaimu akiwa anachambua majani ya maboga, na ilimchukua muda kugundua kwamba anazungumza peke yake.

Wakamzika siku ileile. Biasha alirudi kutoka Chinongwe, akalia sana, akasimamia matanga na jiko la watu wengi. Wageni walipoisha Shaibu alimtaja tena Sikuzani, mara moja, kwa sauti ya chini. Kaimu akasema bado.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, wanaume wa upande ule walifuturu pamoja uwanjani kwa Shaibu, kila mmoja akiletewa chakula kutoka kwake. Siku ya kwanza Kaimu alikuja na bakuli lake mwenyewe limefunikwa kawa: kisamvu cha karanga, na samaki mkavu ndani. Akaliweka katikati pamoja na mengine. Wote walijua ni nani aliyepika. Waliswali, wakakaa, mikono ikaelekea mabakuli mengine yote.

Shaibu alilivuta lile bakuli mbele yake. Akachovya tonge, akatafuna polepole, akachovya tena.

"Hii ni mboga ya Mwantumu," alisema.

Wengine nao wakanyoosha mikono, mpaka bakuli likabaki jeupe. Kaimu hakuweza kula. Alikaa nao mpaka walipomaliza, akawaitikia salamu zao, kisha akachukua bakuli, akaenda nyumbani kuliosha.