Kadi Iliyolala Siku ya Kimbunga

Saa nane na dakika kumi mchana namba zilikoma kuteremka bondeni, na Tu Shu-chuan alijua kwamba aliyezikatiza ni yeye mwenyewe.

Kila robo saa, kompyuta mpakato iliyo mezani pa ofisi ya kijiji ilisoma kina cha mto kwenye kipimo cha darajani, ikakipeleka kijiji cha chini kwa kadi ya modemu iliyopachikwa ndani yake. Huko, namba ikifika mita mbili na nusu, king'ora hulia chenyewe na watu wakapanda shuleni. Hatua kumi kutoka mtoni kulikuwa na kituo cha wazee, na kituoni, kama kila Jumatano, alikuwamo mama yake akicheza mahjong, mchezo wa vigae.

Shu-chuan aliuza maziwa ya soya. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa daftari na kwa kukosea. Kimbunga kilipotangazwa alifanya kama afanyavyo siku zote: alizibua mifereji, akabandika vioo vya madirisha utepe, kisha akaiwekea mashine matoleo mapya ya programu zake huria. Aliizima, akaiwasha. Kadi haikurudi.

"Imekufa?" akauliza mwenyekiti wa kijiji, mzee Yeh, aliyesimama dirishani na darubini.

"Haijafa. Ngoja niiulize maswali."

"Unaongea kama nesi."

"Na wewe unanihemea shingoni kama foleni ya wagonjwa. Nisomee kipimo, Mjomba."

Yeh akaelekeza darubini kwenye nguzo ya daraja. "Mita mbili na sentimita kumi na tano."

Simu ya mezani ilikuwa imekatwa na mti ulioanguka asubuhi. Simu za mkononi, katika bonde lile, zilifaa kutazamia saa tu. Barabara ilifunikwa na tope, na kuzunguka mlima kwa miguu ni saa mbili; maji yalihitaji nusu saa tu kuingia kituoni. Ofisi ilipata mtandao kwa sababu moja: antena bapa iliyofungwa mlingotini nyuma ya jengo, ambayo waya wake uliingia kwenye kadi. Na kule chini skrini ya kituo ilikuwa ingali ikionyesha namba ya mwisho kufika, mita mbili kasoro, namba ya kumfanya mtu aongeze chai.

Alifungua daftari. Kanuni yake ilikuwa kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kuandika kabla ya kugusa. Kadi inaonekana? Inaonekana. Laini inasomeka? Inasomeka. Imewashwa? Hapo mashine ikajibu kwamba kadi imelazwa. Akaiamuru iamke. Ikakataa.

"Chomoa laini utie kwenye simu yangu," Yeh akasema.

"Simu yako ina mlingoti?"

"Basi izime uiwashe tena."

"Hiyo nimefanya, ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Mbili na ishirini na tano, A-Chuan," Yeh akasema, akimwita kwa jina lake la utotoni.

Alirudisha kurasa nyuma, za mwezi wa tatu, alikokuwa amenakili maneno ya watu wasiojuana wanaosaidiana kwenye jukwaa la programu huria. Kadi za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na kufuli. Zamani programu ilizifungua kimya kimya. Toleo jipya linamwachia mwenye mashine aruhusu mwenyewe. Ufunguo umo ndani ya mashine tayari, ila lazima uunganishwe kwenye folda ya ruhusa. Maneno hayo aliyaandika siku ambayo hakuyahitaji.

Akachapa amri. Akakosa herufi, mashine ikasema haijui anachotaka. Akaifuta mikono kwenye aproni, akachapa upya, polepole.

"Imeamka," alisema.

"Mbili na thelathini na tano."

Kadi ikatafuta mtandao. Ikaupata, asilimia tatu, ikaupoteza. Ikaupata tena, ikaupoteza. Shu-chuan alitazama alichoandika asubuhi, mvua ikinyesha vilevile: asilimia thelathini na nane. Kufuli limefunguka, na bado. Basi vitu viwili vilibadilika kwa pamoja, na cha pili si chake.

"Mjomba, kuna mtu amegusa antena leo?"

Yeh hakushusha darubini. "Kugusa, hapana."

"Mjomba."

"Ulipoizima mashine nikaona na mimi nisaidie. Nimeitundikia kifurushi. Cha kijani, A-Chuan, na tarehe nimeikagua, hakijapitwa na wakati."

Hakukuwa na la kubishana. Kwa imani ya kwao, mashine isiyo na kifurushi cha kijani cha vitafunwa vya nazi, ambavyo jina lake lina maana ya "uwe mtiifu", huota kiburi. Hata kinu chake cha soya kilikuwa na chake. Ila kifurushi huketi juu ya mashine. Na upande wa ndani wa mfuko ule hung'aa kama bati, na bati huzuia mawimbi ya mtandao.

Alitoka bila koti. Yeh alikuwa amekifunga kwa uzi mwekundu, vizuri mno, kikaufunika uso wote wa antena. Fundo lilikuwa limelowa. Alilivuta kwa meno mpaka likakatika.

"Mbili na hamsini na tano," Yeh alisema kupitia dirishani, kwa sauti ndogo.

Mezani, asilimia thelathini na nne. Namba ikaondoka. Walikaa wakiikodolea skrini macho, maji yakimdondoka Shu-chuan kwenye kibodi hata akasogeza kiti nyuma. Kisha mstari mmoja ukatokea: king'ora kimelia.

Dakika ishirini baadaye ukaja ujumbe wa mlezi wa kituo: wazee kumi na wanne wako shuleni, ghorofa ya pili, maji yameingia kituoni, mama Tu anasema alibakiza kigae kimoja ashinde, na wa kulaumiwa ni bintiye.

Shu-chuan aliusoma mara mbili. Ndipo baridi ikamwingia.

"Nusura niwaue," Yeh akasema.

"Mimi ndiye niliyebadilisha programu siku ya kimbunga. Tugawane lawama."

Alichukua kalamu, akaandika: *Matoleo mapya, siku kavu tu. Kifurushi, mezani tu.* Kisha akakipangusa kile cha kijani, akakiweka kando ya mashine, jina likitazama mbele.

"Hivyo ndivyo?" akauliza.

Yeh alikisogeza kidogo kushoto.