Kimya cha Dakika ya Tisa

—akaandika, Gaju! Kwa mkono wake mwenyewe! Jina la Baba, mara mia na ishirini, mpaka vidole vikamganda! Wallahi nimecheka mpaka mbavu zinauma, na hapa nilipo bado sijavua viatu. Kaa chini kwanza. Uko huko Rusizi kwako, uko salama, umekula? Basi sikiliza, maana hii habari nisipoitoa leo nitapasuka.

Baba yangu unamjua wewe. Mzee Usumani, fundi wa Kimironko, yule yule aliyekushonea gauni la kuhitimu na akakataa kulifupisha ulipomwomba. Sasa kuna kitu sikukuambia miaka yote minne ya chuo. Baba alikuwa anapiga kinanda kwenye Ikirere. Ndiyo, sha, rafiki yangu, Ikirere hiyo hiyo! Bendi ile ya nyimbo ndefu, ya gitaa linalolia kama lina msiba, ile kaka zako wanabishania kila Jumapili albamu ipi ni bora. Na wimbo wao mkubwa, ule "Uzi Mrefu" wa dakika kumi na nane, aliutunga yeye. Alikuwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, mapigo saba, saba, saba. Wimbo wa fundi unaitwa Uzi, na watu miaka ishirini wanaulizana maana yake ni nini! Jamani.

Sikukuambia kwa sababu nyumbani halitajwi. Baba alikataza. Mimi mwenyewe alinisimulia mama, nikiwa na miaka kumi na tano, na tangu siku hiyo nina jambo langu na mtu mmoja anaitwa Jean-Berchmans.

Huyu Jean-Berchmans ndiye mwimbaji. Mwaka 2005 bendi ilipata kazi ya hotelini, ikaambiwa ivae suti. Nani atashona? Usumani, bila shaka. Baba akashona suti tano za kijivu, moja moja, usiku na mchana, na ya tano akajipima mwenyewe. Siku ya kuzichukua, Jean-Berchmans akaja dukani na kijana mwingine, mpiga kinanda mpya. Akamvalisha suti ya tano mbele ya Baba. Akamgeuza hivi, akamgeuza vile, kisha akasema, "Usu, mbane kidogo mabegani. Wewe si unajua, fundi cherehani hapandi jukwaa la hoteli."

Na Baba akaibana, Gaju! Akachukua pini, akaibana mabegani, akampa. Hakusema neno. Mimi neno hilo nimelitunza kwa niaba yake.

Sasa tuje mwaka huu. Ikirere wanatoa "Uzi Mrefu" upya, kwenye santuri, zile sahani kubwa nyeusi za zamani, maana siku hizi watu wa Kigali wenye nafasi wanazipenda tena. Jalada limeandikwa nyuma: mtunzi, Jean-Berchmans. Halafu akatafuta kijana msomi wa kusimama ukumbini siku ya uzinduzi aeleze enzi tatu za bendi. Akasoma makala zangu mtandaoni, akazipenda, akanipigia. Mimi!

Unajua alichokosea? Hakuuliza mimi ni wa nani. Na kwa jina angejuaje? Huku kila mtoto ana jina lake, la baba haliongozani nalo. Mimi ni Uwineza, basi, Uwineza wa watu wote. Nikavaa miwani, nikakaa mbele yake pale Kanombe anapoishi, nikanywa chai yake vikombe viwili.

"Binti, umezisikiliza enzi zote?" ananiuliza.

"Zote, mzee wangu. Na ya kwanza nimeisikiliza sana."

"Ah, ile ya kwanza usiiweke sana. Tulikuwa tunajifunza tu. Bendi hasa ilianza na mimi kwenye suti."

Kwenye suti! Nikaandika kwenye daftari langu, neno kwa neno.

"Na kile kimya, mzee? Kile cha dakika ya tisa?"

Hicho kimya unakijua. Wimbo unapanda, unapanda, halafu kila kitu kinakatika nusu dakika nzima, mpaka unadhani simu imezima, halafu wote wanarudi kwenye pigo lile lile. Watu wamekiandikia kurasa na kurasa. Jean-Berchmans akafumba macho, akaniambia, "Nilikuwa Ubelgiji. Kituo cha treni. Theluji ikaanguka, dunia yote ikanyamaza. Nikasema, hiki nitakiweka kwenye muziki."

Theluji, Gaju! Nilitoka pale nikapanda pikipiki moja kwa moja mpaka Gisozi, kwa mzee Johnson.

Johnson alikuwa mpiga ngoma wao wa kwanza, alikulia Kampala, sasa ana karakana pale Agakiriro, anatengeneza vitanda. Nikamkuta na randa mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia mimi ni binti wa Usumani. Akaweka randa chini, akanitazama, akaanza kucheka.

"Wewe iko na ile pua yake kabisa! Na Berchmans amekupa maiki? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, baba mdogo."

"Mungu iko." Akaenda nyuma ya mbao, akarudi na spika ya kwanza ya bendi, aliyoitengeneza kwa mkono wake. Akafungua skrubu nne za mgongoni. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na kaseti imefungwa kwa kitambaa cha suti. "Mwaka tisini na tisa. Tulirekodi pale Biryogo, kwenye duka la kwanza la baba yako. Mimi nilisema siku moja mtu atakuja kuiomba. Nilifikiri atakuja mwanaume."

Tukaisikiliza pale pale katikati ya vitanda. Sitakuambia tulisikia nini, subiri, maana ukumbi wote ulisikia leo.

Leo basi, saa tisa alasiri. Ukumbi umejaa, kuanzia wazee wa enzi ya kwanza mpaka watoto wa chuo. Baba nimemwambia nina kazi ya kusoma makala, aje anione tu. Akaja na kofia yake, akakaa nyuma kabisa, nikamwona anaangalia koti la mtu wa mbele yake, ile mishono haijamridhisha. Hajui kitu maskini. Jean-Berchmans kasimama kando ya jukwaa na koti linalong'aa kama sufuria mpya.

Nikaanza. Nikasema enzi ya tatu, hii ya sasa, ni enzi ya moshi: ile mashine ya kutoa moshi, taa za zambarau, nyimbo zimerudi kuwa ndefu lakini ni urefu wa foleni, unasubiri tu, hufiki mahali. Watu wakacheka. Jean-Berchmans naye akacheka, meno tu lakini. Nikasema enzi ya pili, ya suti, sitainyima haki yake, sauti ya Jean-Berchmans ilikuwa asali na harusi nyingi za mji huu zilifungwa nayo, ila nyimbo zilikatwa dakika tatu tatu kama mikate ya hotelini. Akaitikia kwa kichwa, karidhika na ile asali.

"Na enzi ya kwanza," nikasema, "watu wengi hawajasikia ilivyoanza. Mzee Jean-Berchmans aliniambia nisiiweke sana. Kwa hiyo nitaweka dakika chache tu. Dada Winifred, tafadhali."

Winifred ni fundi wao wa sauti, mwanamke aliyelelewa Tanzania, miaka sita anabeba nyaya za yule mtu bila kuambiwa asante. Nilimpa kaseti asubuhi. Akaniuliza, "Kuna nini humu?" Nikamwambia. Akasema, "Lete hapa haraka."

Gaju, kaseti ikaanza kukwaruza. Halafu ngoma. Halafu kinanda cha Baba, na chini yake, wallahi unasikia kabisa, cherehani! Mama yangu alikuwa anamalizia sare za shule pembeni, mguu wake ndio unaoshika mapigo saba, na bendi nzima inamfuata. Ukumbi ukainama mbele kama mtu mmoja. Ikapanda, ikapanda, dakika ya tisa, na muziki ukakatika.

Na kwenye kile kimya, ikasikika adhana. Kwa mbali, kupitia ukuta. Duka lile lilikuwa limeegemea msikiti, na ikiadhiniwa ngoma inawekwa chini, cherehani inasimama, hata awe Johnson Mlokole anashusha vijiti vyake, ndiyo adabu ya mtaa. Mama mmoja wa mstari wa mbele akavuta mtandio kichwani bila kufikiri. Hiyo adhana ndiyo theluji ya Jean-Berchmans!

Halafu ikaja sauti ya kijana. Nyembamba, lakini kila mtu ukumbini aliijua, maana wameoa nayo: "Usumani, huu wimbo wako utaniua kuhesabu. Si tukiondoe hiki kimya, tuunganishe?"

Na Baba, kijana, na pini mdomoni nadhani, "Kaondoe kwenye nyimbo zako. Huu ni wangu, na hapo patakaa kimya. Haya, saba!"

Na bendi nzima ikaingia pigo lile lile.

Aaah! Ukumbi ulivyolipuka! Jean-Berchmans anamfanyia Winifred ishara ya kukata, mkono shingoni, hivi, hivi. Winifred kakunja mikono, anaangalia dari. Nikangoja watulie. Nikavua miwani.

"Mimi naitwa Rehema Uwineza. Usumani aliyetunga wimbo huu ni baba yangu. Amekaa pale nyuma, mwenye kofia."

Vichwa vyote vikageuka. Baba akawa kama mtu aliyekamatwa na nguo ya mteja. Na yule mtu wa koti linalong'aa, rangi ilimtoka mpaka nikaona umri wake. Akaja kwenye maiki. "Ni... unajua, muziki ni wa wote, bendi ni familia..."

"Theluji ilianguka Biryogo?" mtu akapiga kelele. Johnson huyo, yuko mlangoni, amekuja na vumbi lake la mbao! Watu wakaanguka kwa kicheko. Nakuambia, hiyo theluji haitamwacha mpaka kaburini.

Sasa utamu. Santuri zilikuwa mezani, mia na ishirini, majalada yameshachapishwa. Mtu wa kwanza kwenye foleni akageuza jalada, akalisukuma mbele ya Jean-Berchmans aliyekaa mezani kusaini. "Futa hapo. Andika Usumani, halafu ndiyo nachukua." Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akasema, "Andika vizuri, hiyo si U." Nikavuta kiti, nikakaa kando yake, nikawa namsogezea jalada moja baada ya jingine, kwa adabu kabisa. "Hili hapa, mzee wangu. Na hili." Futa, andika. Futa, andika. Kalamu ya kwanza ikaisha wino nikampa yangu, ile ile niliyoandikia uongo wake.

Unadhani nilimwonea huruma? Kwenye jalada la themanini aliweka kalamu chini akanyoosha vidole, nikakumbuka pini za mabegani. Nikasogeza la themanini na moja.

La mwisho alilishika Baba. Alikuwa amepanga foleni, Gaju! Amesimama nyuma ya watoto wa chuo kama mtu yeyote. Mimi nikaogopa, nikajua sasa atanigombeza, atasema yaishe. Jean-Berchmans akanyanyuka mwenyewe. "Usu. Mzee Usumani. Nakuomba..."

Baba akamwonyesha jalada kwa kidole. Jean-Berchmans akaandika. Baba akalisoma jina lake polepole, akapuliza wino ukauke, akaweka kwapani. Kisha akamtazama mabega, vile anavyowatazama wateja.

"Kesho saa tatu asubuhi, dukani kwangu Kimironko," akasema. "Hayo ya kuomba utayasemea huko, mbele ya mama Uwineza, maana mguu wake ndio ulikuwa unahesabu. Na ile suti yangu uje nayo. Ya tano. Ile ya kijivu."

"Usumani, ile suti... miaka ishirini..."

"Najua niliishona na uzi gani. Bado ipo. Itafute."

Akavaa kofia yake, akatoka. Mimi nyuma yake mbio na miwani mkononi. Njia nzima vidole vyake vilikuwa vinapiga pajani, saba, saba. Tulipofika akamwambia mama atoe pini zote aziweke mezani na akunjue mikunjo ya kitambaa cha kijivu, kama kuna kilichobaki, maana mabega yale aliyoyabana lazima yaachiwe yamtoshe tena.

Basi mimi kesho saa mbili na nusu nitakuwa nimeshajificha nyuma ya vitenge, pale kona ya vifungo, na simu nimezima mlio. Nikitoka tu nakupigia, nikuambie kama amekuja na ile suti, na mama amemfanya nini.